Chanda Chema Huvikwa Pete

Hotuba ya kikundi cha kina mama cha kujisaidia, Kaunti ya Makueni, iliyosomwa siku mwanzilishi wao alipotimiza miaka 80

Susu wetu, uliyeketi hapo mbele katika kiti ambacho hukukitaka, pokea salamu zetu kwanza kabla ya wote.

Tumesimama hapa kwa niaba ya kikundi kizima. Tumeambiwa tuseme maneno machache, nanyi mnatujua, machache yetu huwa si machache. Lakini tutajaribu, maana muthokoi iko jikoni na watoto wameanza kunusa.

Kuna watu waliotuuliza wiki hii, "Sherehe ya kuzaliwa si ni mambo ya watoto wa mjini, ya keki na mishumaa? Mzee wa miaka 80 anafanyiwa ya nini?" Ni swali zuri. Hapa kwetu wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa. Kitambulisho kina mwaka, na huo mwaka ulikadiriwa na karani. Wao wenyewe huhesabu miaka kwa njaa. Huyu alizaliwa kabla ya njaa fulani, yule aliolewa mwaka wa Ndeke, yaani 1961, wakati mafuriko yalipokata barabara baada ya kiangazi kirefu na chakula kikaangushwa kwa ndege. Susu ana bahati, kwa maana siku yake iliandikwa katika daftari la ubatizo. Alizaliwa mwaka 1945, na sasa ametimiza miaka 80.

Lakini sababu ya kukusanyika si keki. Ndugu zangu, tumeona mara nyingi inavyokuwa. Mtu akifa ndipo tunapokodi magari, tunaleta vipaza sauti, tunasoma habari za maisha yake, na kila mmoja anasema, "Alikuwa mama wa kijiji." Mwenyewe hasikii. Hawezi kusema, "Hapo mmeongeza chumvi." Hawezi kusema, "Hapo mmesahau jina la fulani." Kwa Susu tumetaka iwe vingine. Tuyaseme akiwa anasikia, ayasahihishe. Na yale aliyoyashika miaka yote hii tuyapokee mikononi mwake akiwa bado anaweza kutuonyesha yanavyoshikwa. Hilo ndilo neno letu la leo.

Alivyoanza

Mwanzoni hapakuwa na kikundi. Palikuwa na mashamba, na mashamba yalikuwa yanaondoka. Wale wa rika lake wanakumbuka. Sisi tunalima mteremkoni. Mvua za vuli zikija kwa nguvu mwezi wa Novemba, maji yalishuka mekundu kama matofali, yakibeba udongo, samadi na mbegu, na nyuma yake yakaacha korongo ambamo mtoto angeweza kujificha asionekane.

Kuchimba matuta halikuwa jambo geni. Wazee walilijua, lakini walilijua kwa ubaya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa watu wa Ukambani kwa nguvu ikisema mifugo imezidi ardhi, na maelfu ya watu wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa mbali, Lamu. Baadaye watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwa amri, huku wakisimamiwa. Babake Susu alikuwa mmoja wa waliochimba hivyo. Basi maneno ya kuhifadhi udongo yakawa na harufu ya serikali ya kikoloni, na Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi waliacha matuta yabomoke. Walikuwa na sababu. Kazi uliyolazimishwa huwezi kuipenda.

Susu alisoma hadi darasa la nne tu. Lakini alisema neno ambalo mpaka leo tunalirudia: "Udongo haujui ni nani aliyetoa amri. Unajua tu kama umezuiwa au haukuzuiwa."

Mwaka 1978 aliita majirani zake. Walikuja 13, na pamoja naye wakawa 14. Hawakuwa na cheti, hawakuwa na jina la kikundi. Walikuwa na mwethya, ile desturi yetu ya tangu zamani, kwamba watu wanakuja kwa mmoja na majembe yao wanamaliza kazi, na mwenye shamba anapika. Jumatatu kwa huyu, Alhamisi kwa yule.

Vijana, mnaona hizo ngazi za shamba huko juu mkidhani Mungu aliziumba hivyo. Hapana. Ni fanya juu. Unapima mstari uliolala sawa mteremkoni, unachimba mtaro, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini. Kutupa juu ni kuchungu kwa mgongo, waulizeni hawa kina mama. Ule ukingo unapandwa nyasi za kulisha ng'ombe ili ushike. Kila mvua ikinyesha, udongo unatua nyuma ya ukingo, na baada ya miaka kadhaa mteremko umekuwa ngazi na maji hayakimbii tena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wageni hawalijui. Wakati wa kupanga zamu, Susu ndiye aliyekuwa na wazo, naye ndiye aliyekuwa na korongo baya zaidi. Kila mtu alitazamia waanze kwake. Yeye akasema waanze kwa mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, ambaye hakuwa hata na mwana wa kumshikia jembe. Shamba la Susu lilikuwa la 14. Lilifikiwa vuli mbili zikiwa zimepita, na vuli hizo mbili zilimlia udongo. Hakunung'unika. Alitueleza baadaye, "Kiongozi akianza kupakua, wengine hutazama sufuria. Akipakua mwisho, hutazama kazi."

Sanduku la kufuli tatu

Baada ya matuta likaja swali la nyumba. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi. Wakati ule vikundi vingi vya kina mama katika Kenya vilikuwa vikinunuliana mabati kwa zamu, na Susu akasema na sisi tutaweza. Kila mmoja alitoa shilingi mbili kwa juma. Asiyekuwa na shilingi mbili alisuka kiondo, kikauzwa Machakos au kikapelekwa Nairobi. Pole pole, haba na haba, nyumba moja ikaezekwa, halafu nyingine. Na bati si paa peke yake. Bati linakupa maji. Ukilifungia mifereji na kuweka tangi chini, mama hatembei tena usiku kutafuta mtungi mmoja.

Pesa zilikaa katika sanduku la mbao lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa nyumba tatu. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata Susu mwenyewe. Wapo waliomwuliza, "Kwani hatuaminiani?" Akawajibu, "Tunaaminiana. Kufuli ni za kutulindia huko kuaminiana kusiibiwe."

Na daftari lilisomwa kwa sauti kila mkutano, kila jina na kila deni, mbele ya wote. Wengi wetu hatukujua kusoma, lakini masikio tulikuwa nayo. Mwenye deni alisikia deni lake, na asiye na deni alisikia pia. Hapakuwa na minong'ono ya njiani kwa sababu hapakuwa na la kunong'ona.

Mwaka mmoja mwanawe wa kwanza alitaka mkopo wa kununua ng'ombe wa kulima, na zamu yake ilikuwa bado. Alikuja mbele ya kikundi akiwa na uhakika, kwani si mama yake ndiye mwenyekiti? Susu alimwambia mbele ya watu wote, "Mwanangu, nyumbani mimi ni mama yako. Hapa ngoja nyuma ya mama huyu." Kijana alikasirika, akaondoka. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono. Ng'ombe alimpata mwaka uliofuata, kwa zamu yake, na yuko hapa leo akicheka tunavyomsema. Lakini sisi tulioona siku ile hatukuwahi tena kuuliza kama mwenyekiti wetu ana upendeleo.

Mambo yamebadilika. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na siku hizi michango mingi inapita kwa simu. Vijana walisema sanduku limekwisha kazi. Susu hakubishana na simu. Aliuliza swali moja tu: "Huo ujumbe wa pesa unasomwa na nani?" Tangu hapo ujumbe wote wa pesa husomwa kwa sauti mkutanoni, kama daftari lilivyosomwa. Na ilipokuja sheria mpya ya kuandikisha vikundi vya jamii mwaka 2022, inayotaka katiba na maofisa wanaojulikana, sisi tulikuwa na la kuandika, maana tulikuwa tumeliishi zamani.

Mbegu za mwaka 1984

Tukitaja jambo moja tu ambalo kwa ajili yake Susu anastahili kuvikwa pete, ni hili.

Mwaka 1984 mvua za masika zilikosa. Vuli ya kabla yake nayo ilikuwa mbaya. Ukambani waliipa njaa ile jina la Nikw'a Ngwete, maana yake nitakufa nikiwa nimeshika. Kushika nini? Pesa. Watu walikuwa na shilingi mkononi na madukani hapakuwa na mahindi ya kununua. Tulipanga foleni kupata mahindi ya njano yaliyotoka nje, na mahindi yenyewe hayakutosha.

Kikundi kilikuwa na pesa kidogo sandukuni. Pesa hizo, kama jina la njaa linavyosema, hazikuwa na kazi. Lakini katika kila nyumba palikuwa na kitu kingine, mbegu kidogo zilizofichwa za kunde, mtama, mbaazi na ndengu. Usiku watoto walikuwa wakilia, na mbegu ziko pale pale ndani ya kibuyu. Mama gani atamwangalia mtoto analia na chakula kiko kibuyuni? Nyumba moja baada ya nyingine zilianza kupika mbegu.

Susu aliita mkutano. Hakuhubiri. Alikuja na debe mbili tupu na majivu ya jikoni. Akasema, "Kila mmoja alete mbegu zake hapa, zichanganywe na majivu dumuzi wasizile, zifungwe kwa kufuli zetu tatu. Katika nyumba yako peke yako mbegu hizi zitakushinda. Hapa zitatushinda sote kwa pamoja, na sisi sote kwa pamoja hatushindwi haraka."

Palikuwa na maneno makali siku ile. Mama mmoja alimwambia, "Wewe wako ni wakubwa. Wangu ni wadogo." Susu hakumjibu kwa maneno. Kile kibaba cha mahindi ya njano alichokuwa amepata kwenye foleni, alikigawa, akampa huyo mama nusu. Halafu akamwaga mbegu zake ndani ya debe, za kwanza. Wengine walifuata, mmoja mmoja. Wawili hawakuleta, na Susu alikataza mtu yeyote asiwaseme.

Debe zile zilikaa chini ya kitanda chake. Fikirini, kina mama. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa na mbegu za kikundi, na watoto wake walilala njaa juu yake. Hakufungua, na peke yake hangeweza kufungua. Ndiyo maana ya kufuli tatu.

Mvua za vuli za mwaka ule zilipokuja, zilikuja vizuri. Wengi katika sehemu hizi hawakuwa na cha kupanda. Sisi tulifungua debe mbele ya wote, tukapimiana kwa kikombe. Na wale wawili ambao hawakuleta? Walipimiwa pia. Wengine walitaka kugomba, naye akasema, "Shamba lisilopandwa litawaletea hodi kwenu mwezi wa Machi. Afadhali mbegu leo."

Watoto waliokuwa wakilia mwaka ule sasa ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Wako hapa wamevaa suti. Wajue kunde za mwaka 1985 zilitoka wapi.

Mchanga wa mto

Habari ya tatu ni ya jana na leo, nayo haijaisha. Tunaomba vijana wasikilize hasa.

Katika miaka ya tisini kikundi kilijenga bwawa la mchanga katika kijito chetu. Saruji ilitoka kwa wafadhili, lakini mawe, kokoto, maji na migongo ilikuwa yetu. Wageni wengine walidhani tumepotea, kwa sababu bwawa lenyewe limejaa mchanga. Ndivyo linavyotakiwa. Unajenga ukuta juu ya mwamba, ukikata mto unaokauka. Mvua zikija, maji yanaleta mchanga, mchanga unatua nyuma ya ukuta, na katikati ya chembe zake maji yanajificha. Jua haliyafikii, mbu hawatagi humo, ng'ombe hawayachafui. Wakati wa kiangazi unachimba kidogo, unachota. Mchanga ndio tangi letu.

Sasa huko Nairobi na miji mingine watu wanajenga, na ujenzi unataka mchanga. Malori yalianza kuja. Yanakuja usiku. Na wanaopakia si watu wa mbali, ni vijana wetu, kwa sababu kijana akipakia lori moja analala na pesa mfukoni. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na tunashukuru. Lakini sheria hailali mtoni usiku.

Asubuhi moja tuliona shimo kubwa juu ya bwawa letu. Tulijua waliopakia. Wengine wetu tulisema twende polisi. Susu akasema, "Tutakwenda. Lakini kwanza nataka kuwaona wajukuu wangu." Akapita nyumba kwa nyumba kwa fimbo yake, akawaomba kina mama wao wawalete. Vijana walikuja wakijua watatukanwa.

Hakuwatukana. Aliwapeleka mtoni, akawapa sepetu, akasema, "Chimbeni pale palipotolewa mchanga." Walichimba mpaka mwamba ukalia. Pakavu. "Sasa chimbeni hapa karibu na ukuta." Hawakufika kiwiko maji yakatokea. Akasema, "Mmeona kwa macho. Mimi sina zaidi."

Kijana mmoja akamwuliza, na tunamheshimu kwa kuuliza, "Susu, maji tumeyaona. Lakini sisi tutakula nini?"

Wazee wengine wangeona ni utovu wa adabu. Susu alikaa kimya kitambo. Halafu akatugeukia sisi wa kikundi, si yeye kijana, akasema, "Mmesikia swali. Ni letu." Na siku ile ile aliomba kikundi kiwafungulie vijana mlango. Tulikuwa kikundi cha kina mama tangu 1978. Tulijadiliana mikutano mitatu. Mwishowe vijana sita wakaingia, wakapewa mkopo wa kuanzisha kitalu cha maembe ya kupandikiza. Wanne wamelipa wote na kitalu kinaendelea. Mmoja analipa kidogo kidogo. Mmoja alirudi kwenye malori. Jina lake bado liko daftarini, na Susu ametukataza kulikata.

Malori hayajaisha. Tusidanganyane hapa kwa sababu ya sherehe. Lakini wako vijana wanaolinda mto ambao zamani waliupakia, na hilo hakuna askari angeweza kulifanya.

Alichotuomba

Tulipomwambia Susu kwamba tutamfanyia sherehe, aliuliza zawadi ni nini. Tukasema kuna blanketi zito, kuna leso, kuna mbuzi. Akashukuru. Halafu akasema, "Mkinipa blanketi nitalala vizuri. Lakini nitaamka nikiuliza nani ana ufunguo. Nipeni mtu wa kushika ufunguo."

Tulinyamaza. Kwa sababu ni kweli. Miaka hii yote, kikundi kikiwa na ugomvi, tunapanda kwa Susu. Mbegu zikikaguliwa, anayejua ndengu ipi ni ya zamani na ipi ni ya dukani ni Susu. Mpaka wa ardhi ya bwawa, mwenye kuujua ni Susu. Mambo hayo hayako daftarini. Yako kichwani mwake, na miguu inayokibeba kichwa hicho imechoka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee wakiondoka na neno lao, itakuwaje?

Kwa hiyo Susu, zawadi yetu ya kweli ni hizi tatu, na tunazitaja mbele ya Mchungaji na Chifu ili watushike tukilegea.

Kwanza, ufunguo. Leo utaukabidhi kwa mama kijana ambaye kikundi kimemchagua kwa kura. Yeye si ndugu yako na wala hakuchaguliwa nawe, kama ulivyotaka mwenyewe. Wewe utabaki mshauri. Akikosea utamwita kando umwambie, na sisi wengine hatutapanda kwako kabla ya kwenda kwake.

Pili, mbegu. Kila mwezi vijana wawili watakaa nawe. Mmoja atauliza, mwingine ataandika jina la mbegu, inapandwa lini, inavumilia nini, inahifadhiwaje. Watarekodi na sauti yako kwa simu. Ghala la mbegu sasa lina gunia badala ya debe, lakini gunia lisilo na maarifa ni chakula cha panya.

Tatu, mto. Zamu ya kulinda bwawa imeandikwa, nyumba kwa nyumba, kina baba pia. Na katika kila mkutano, kabla ya pesa kusomwa, swali la yule kijana litasomwa kwanza: vijana watakula nini? Umetufundisha kwamba ni letu.

Kwa vikundi vingine

Ndugu zetu wa vikundi jirani, na ninyi mtakaosoma maneno haya, kila kijiji kina Susu wake. Pengine wa kwenu hakujenga bwawa. Pengine ni yule mkunga mzee, au mwalimu aliyestaafu, au baba aliyetoa kipande cha shamba ili shule ijengwe. Msingoje mpaka apelekwe hospitali.

Mwulizeni yeye mwenyewe anataka kukumbukwa kwa lipi, kwa kuwa mara nyingi si lile mnalodhani. Mwulizeni ni kazi gani angali anaifanya peke yake, na mchague mtu wa kuipokea angali mzima. Mwandike majina ya wale walioanza naye. Susu ametuagiza tuseme hivi: kati ya wale 14 wa mwaka 1978, wanne tu ndio walio hai. Wote wanne wako hapa leo. Tafadhali msimame, kina mama, tuwaone.

Asanteni. Ketini.

Na kiongozi mzee anayesikia maneno haya, nawe tunakuomba jambo. Achilia ufunguo mapema. Susu hapunguki leo kwa kuutoa. Tunamwona amekuwa mkubwa zaidi, maana sasa kazi yake ina mikono mingine.

Susu wetu, hukutufanya tukutegemee, ulitufanya tutegemeane. Mwenyezi Mungu akuongezee miaka, akupe usingizi mtamu katika hilo blanketi, na akuamshe ukiwa huna swali la ufunguo. Tunakupenda, nasi bado tunakuogopa kidogo, hasa wakati wa kusoma madeni.

Sasa tunamwomba mwenyekiti mpya aje mbele kupokea ufunguo. Kisha Mchungaji aombee chakula.